Fida rodi: nani anamlisha nani?

Nenda kwenye kikao chochote cha baraza la madiwani hapa Tanzania, kaa kule nyuma na kijitabu chako, halafu hesabu ni mara ngapi utasikia "feeder road". Mheshimiwa diwani anasimama, anatiririka kwa Kiswahili safi kabisa kuhusu zahanati na madawati, lakini akifika kwenye barabara ya kata yake anahamia Kiingereza ghafla. Fida zetu zimekufa, fida zetu hazipitiki, tunaomba greda lije kwenye fida. Na sisi waandishi tunalibeba neno hivyo hivyo mpaka gazetini, hakuna anayeuliza.

Hebu leo tulishike tuliangalie. Kiingereza kina maneno chungu nzima ya barabara ndogo: lipo la njia ya pembeni, lipo la njia ya nyuma ya nyumba, lipo la kijia chembamba kati ya mashamba. Hili la fida linatokana na kitenzi cha kulisha. Kabla halijafika barabarani, Waingereza walilitumia kwa maji, kwamba kijito kinachomwaga maji kwenye mto mkubwa ni fida, na mfereji unaojaza maji kwenye mfereji mkubwa wa vyombo nao ni fida. Reli zilipokuja, likahamia kwenye njia ndogo za reli zinazoleta mizigo kwenye njia kuu. Barabara ilirithi tu.

Na wenyewe wenye lugha hawakubaliani. Pale Houston, Texas, fida ni ile barabara inayokwenda sambamba na barabara kuu, unayopita kabla ya kuingia au baada ya kutoka. Sehemu nyingine za Marekani watakushangaa ukiiita hivyo. Hapa Dar ile tunaiita sevisi rodi. Kwa hiyo mtu wa Houston na mtu wa Handeni wanaweza kuongea nusu saa kuhusu fida, kila mmoja akiwa kwenye barabara yake.

Kwetu neno lilikuja na maana yake kamili, na ndiyo inayonisumbua. Wakati wa mkoloni kitu chenye thamani kilikuwa reli. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, ile ya kati ikafika Kigoma mwaka 1914, na kazi kubwa ya barabara ilikuwa kutoa kahawa, pamba na katani huko mashambani mpaka stesheni. Barabara iliyotaka kukimbia sambamba na reli na kuinyang'anya mizigo haikupendwa na serikali. Inayolisha ilikuwa nzuri, inayoshindana ilikuwa mbaya. Sasa jiulize, katika picha hiyo anayekula ni nani? Ni reli, na mbele yake bandari. Mwanakijiji yuko kwenye mkono unaolisha.

Mkoloni kaondoka, picha imebaki. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara za wilaya katika makundi, na moja ndiyo hiyo fida, ambayo kwa Kiswahili cha ofisini tumeitafsiri "barabara ya mlisho". Yaani tumebadilisha herufi tu. Walau kundi jingine linaitwa barabara za jamii, na hapo ndipo mtu anaonekana.

Mtaniambia, ewe kijana, neno tu hilo, linajenga nini? Haya, tutazame hesabu. Mtandao ulio chini ya TARURA, wakala aliyeanza kazi mwaka 2017, unazidi kilomita 140,000. Ule wa TANROADS, wenye barabara kuu na za mikoa, hauzidi sana kilomita 36,000. Mara nne hivi. Lakini kwa miaka mingi fedha za Mfuko wa Barabara zilipogawanywa, halmashauri, na baadaye TARURA, zilipata asilimia 30. Najua lami ya barabara kuu ni ghali na malori yake ni mazito, sibishi. Nabisha mahali tunapoanzia mazungumzo, kwamba barabara ndogo inastahili kwa kadiri inavyoisaidia kubwa. Ilikuwa mwaka 2021 ndipo ikaongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi.

Hata mjini ni vile vile. Zile za Dar kama Ubungo Maziwa kwenda External, au Kigogo kwenda Tabata Dampo, zilipata lami katika mradi ambao jina lake lilikuwa la kupunguza msongamano. Msongamano wa wapi? Wa barabara kubwa! Watu wa Tabata walikuwa wanakula vumbi miaka nenda rudi, lakini hoja iliyoleta katapila ilikuwa foleni ya Mandela na Morogoro Road.

Twende Rungwe au Mufindi kwenye chai. Jani bichi likishachumwa lazima lifike kiwandani ndani ya saa chache, la sivyo linaharibika. Barabara ya kulitoa ni mlisho kweli kweli, jina limemkaa. Lakini gari linapogeuka kurudi kijijini, linaleta mbolea, daftari, mwalimu mpya na dawa za zahanati. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anapopakiwa kwenye bodaboda usiku wa masika, yeye hailishi barabara kuu chochote. Anatafuta daktari. Safari hiyo kwenye neno fida haina nafasi.

Mhandisi na abaki nalo kwenye makaratasi yake, anahitaji kupanga madaraja ya barabara na mimi sina ugomvi naye. Na kwa mabasi yaendayo kasi yaliyoanza Dar mwaka 2016, kusema mabasi mlisho ni sawa kabisa, maana kazi yao ni kuleta abiria kituoni. Ila sisi wa habari tuna maneno yetu. Tunayo barabara ya kijiji, ya mtaa, ya vumbi. Uchochoro upo. Njia ya panya nayo ipo, ingawa hiyo wanaijua zaidi wenye magendo ya mpakani. (Mchepuko tuuache kwanza, ulishachukuliwa na mambo ya nyumba ndogo, ukiutumia kwenye habari watu watacheka.)

Bora zaidi, tuandike barabara inatoka wapi na inakwenda wapi. Ukiandika kwamba fida imekatika wilayani fulani, msomaji anageuza ukurasa. Ukiandika kwamba barabara ya kutoka kijiji hiki kwenda kituo cha afya imekatika tangu mvua za Machi, diwani atapigiwa simu kabla hajamaliza chai yake.