Silia hazipepei "huku na huko", jamani!

Haya wadau, leo nimekuja na moto kidogo, mnivumilie.

TP inanukia na madesa yanazunguka hosteli nzima. La Baiolojia nimelipata, mada ya upumuaji. Silia zimepewa sentensi moja: vinyweleo vidogo vinavyopepea huku na huko kusukuma makamasi. Basi! Dogo akariri, apate maksi zake 2, twende mada nyingine.

Mimi nasema hiyo sentensi ni mbovu na tusiibebe kwenda nayo darasani.

Silia ya kwenye njia ya hewa ina urefu wa maikromita 6 hivi. Kwa udogo huo, mnato ndio bosi. Ni kama wewe uambiwe uogelee kwenye pipa la asali. Mwaka 1977 mwanafizikia Edward Purcell alilieleza hili vizuri sana: huko chini, ukienda mbele kisha ukarudi kwa njia ile ile, hata kama umekwenda haraka na kurudi polepole, umejichosha bure. Ulichokisukuma unakirudisha chote. Yaani silia ingekuwa inapepea huku na huko tu, makamasi yasingetoka kifuani!

Siri iko kwenye kurudi. Kwenda, silia inasimama wima na kusukuma. Kurudi, inajikunja na kupita chini chini karibu na ukuta, isirudishe ilichopeleka. Mvuvi anainua kafi nje ya maji, silia haina pa kuinukia, kwa hiyo inainama.

Waulizeni wanaotengeneza silia bandia. Wana vipande vya kupimia tone la damu, vyenye mifereji myembamba kama unywele. Humo vimiminika viwili vinapita sambamba na kuchanganyika kwa kusuasua, na mara nyingi pampu ya kuvisukuma ni kubwa kuliko kipimo chenyewe. Wakaamua kuiga silia. Wengine wanatumia plastiki laini yenye chembe za chuma, sumaku inazunguka nje na silia zinacheza. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha silia za platini nyembamba mno zinazoendeshwa kwa umeme wa volti 1 hivi, chini ya betri moja ya redio. Wote hao swali lao ni lile lile ambalo desa limeliruka: irudi vipi bila kuharibu kazi?

Najua mtakachosema. "Mtihani hauulizi hayo." Sawa, lakini sisi tunasomea ualimu au unakili? Wengine: "Hayo ni ya maabara za mabilioni." Hapana! Chukua bakuli la asali, weka tone la rangi, sukuma kwa rula kwenda na kurudi taratibu kwa njia ile ile. Rangi inarudi karibu kabisa na ilipokuwa. Sasa nenda nayo ikiwa wima, rudi nayo ikiwa imelala chini kabisa. Rudia mara kadhaa, rangi inahama. Dakika 10 tu, na Baiolojia na Fizikia zimekaa benchi moja.

Dogo akiuliza "zinasukumaje, mwalimu?" na wewe ukamjibu "andika, itatoka kwenye mtihani", hapo umemfundisha kuacha kuuliza. Hilo ndilo linaloniuma.

Naomba kuwasilisha. Anayebisha aje na asali yake.