MINERVALI, NDAMA NA WAKATI WA JUA



Najua wengine watacheka kwa kuona habari ya ukame katika gazeti letu. Hapa Kisangani mvua inanyesha karibu kila mwezi, na ngombe wengi wetu tunaiona kwa muchinjaji tu, sababu katika pori hili mbung'o wanaleta ugonjwa unaomaliza ngombe za kawaida. Lakini mujihesabu katika madarasa. Ni wangapi wanatoka Djugu, Irumu, Mahagi, Aru ao Dungu? Mupaka mwaka 2015 sisi wote tulikuwa wa Provensi moja ya Mashariki, na hata nyuma ya kuigawanya, wazazi wa kule wanaendelea kutuma watoto huku. Minervali ya wengi wao inatembea kwa miguu mine.

Kule jua linaanza mwezi wa 12 na kuendelea mupaka mwezi wa 2 ao wa 3. Kila mwaka majani yanakauka, na kuko miaka yenye mvua inachelewa kurudi. Maoni yangu ni haya: kinachomaliza kundi si jua peke yake, ni kuuzisha kwa kuchelewa. Na katika kuchelewa kule, sisi wanafunzi na shule yetu tuko na sehemu.

Mutazame namna inavyokuwa. Mwezi wa 9 baba analipa kidogo, anasema ingine itafuata. Wakati ule ngombe zimenona, bei ni nzuri, lakini hauzishi, sababu nani anapenda kutosha ngombe nzuri katika zizi bila kusukumwa? Mwezi wa 2 mutoto anapiga simu: baba, kesho watatufukuza. Sasa baba anapeleka ngombe sokoni, mifupa inahesabika, na kule anakuta majirani wote wamekuja na zao kwa sababu ileile. Bei inaanguka. Pahali pa kuuzisha dume moja, anauzisha mbili, na feza haitoshi.

Kama anakataa kuuzisha, anakamua. Na hapa ndipo ndama inalipa minervali yetu.

Ngombe yenye kunyonyesha inahitaji chakula karibu nusu zaidi kupita ile isiyonyonyesha. Majani yakikauka, hayana nguvu tena. Tumbo linajaa lakini damu haipati kitu. Mama anatoa maziwa kwa kula mwili wake mwenyewe. Maziwa yanapunguka, na yale kidogo yanayobaki yanaingia katika chupa ya kuuzisha. Ndama ya kilo 25 inapaswa kupata karibu litri 2 na nusu kila siku. Mukiiachia nusu litri, haikufi siku ile. Inasimama tu, manyoya yanakuwa makavu, tumbo linakuwa kubwa, kisha kuhara kidogo kunaiondoa. Watu wanasema ni ugonjwa. Mara nyingi ni njaa.

Wazee wengine watajibu kwamba ndama ile majani kama wengine. Haiwezi bado. Inapozaliwa, tumbo lake la kusaga majani halijafunguka. Inaanza kuguguna majani nyuma ya juma 2 ao 3, na mbele ya miezi 3 haiwezi kuishi kwa majani makavu peke yake. Ile yenye imepita miezi 3 ao 4, na inakula vizuri, hiyo unaweza kuiachisha mapema mama akiwa amekonda, lakini kwa sharti upate kitu cha kuipa: majani ya viazi vitamu, majani ya karanga yaliyokaushwa, makapi ya muhindi na chumvi kidogo. Maganda ya muhogo pia ni mazuri, lakini uyaanike kwa jua siku kadhaa, sababu mabichi yako na sumu.

Yakobo alijua habari hii. Katika Mwanzo 33, Esau anataka wasafiri pamoja, na Yakobo anakataa kwa heshima: kuko nyama zenye kunyonyesha, wakizisukuma siku moja tu kundi lote litakufa. Alipima mwendo wa wote kwa mwendo wa wadogo. Sisi tunapima kwa madume.

Zamani wazee walikuwa na dawa ingine, ni kuhama. Majani yakiisha hapa, kundi linakwenda pale. Siku hizi njia zimefungwa. Katika Djugu, tangu mwisho wa mwaka 2017, vita vimeua watu, vimenyanganya ngombe na kujaza kambi za wakimbizi. Nani atapeleka kundi mbali? Na kule Uele tunaona upande mwingine wa jambo. Wambororo wameingia na makundi makubwa kutoka kaskazini kutafuta majani na usalama, na mashamba ya wenyeji yamekanyagwa, na magomvi yamezaliwa. Simuhukumu mufugaji kwa kufuata majani. Nasema tu kwamba nchi yenye majani siku zote iko na wenyewe.

Hata Kenya, penye watu wamezoea ukame kupita sisi, mvua ilikosekana vipindi 5 kwa kufuatana kati ya mwaka 2020 na 2022, na nyama zaidi ya milioni 2 zilikufa. Serikali ilianza kununua ngombe zilizokonda ili wenyewe wapate hata kidogo. Ilisaidia, lakini ngombe ya mifupa inaleta bei ya mifupa.

Sasa ninaomba Bwana Perefe na komite ya wazazi wafikiri neno moja. Muzazi mufugaji akitaka, apewe hesabu ya mwaka muzima mwezi wa 9, aweze kulipa yote mbele ya mwisho wa mwezi wa 11. Atauzisha ngombe moja ingali nono: dume la ziada, ao ngombe muzee yenye haizai tena. Kundi linaingia katika jua likiwa dogo, na majani yanabakia kwa mama na ndama. Shule haipotezi kitu, na haitafukuza mutu mwezi wa 2.

Nimesikia jibu la wazee: wingi wa ngombe ni heshima, ndizo mahari ya vijana, ndiyo benki yetu. Ni kweli. Lakini kama majani yanatosha ngombe 15 na wewe unaingiza 20, haubaki na 20. Zote zinakonda, na mwezi wa 3 mvua inakukuta na 12, na kati ya hizo ndama hazimo.

Ninyi wenye mutakwenda nyumbani likizo ya Noeli, muombe baba asichome majani yote ya kilima, kipande kimoja kibakie. Kama kuko majani mabichi pembeni ya muto, muyakate, muyakaushe, na muyaweke juu ya vijiti chini ya paa. Ndama yenye itazaliwa munapokuwa kule, ipate maziwa ya kwanza ya mama yake mbele ya masaa 6 kupita, na mutu asiyakamue. Na muiwekee mayi safi kila siku, hata kama ni nyinyi munayachota mbali.

Mwanafunzi wa darasa la 6