Reli iliyong'olewa yaacha soko nyuma yake

Je, reli ikifa, mji nao hufa? Swali hilo liliikabili miji midogo ya Elroy, Kendall, Wilton, Norwalk na Sparta katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mwaka 1964, pale kampuni ya Chicago and North Western ilipoiacha njia iliyofunguliwa mwaka 1873.

Mwaka 1965 serikali ya jimbo ilinunua ukanda huo, na kufikia 1967 ulikuwa njia ya baiskeli ya kilomita 51. Kinachovuta wageni ni urithi wa reli: mahandaki matatu, refu likizidi kilomita moja, na milango yake mikubwa ya mbao iliyofungwa wakati wa baridi kuzuia barafu. Kituo cha treni cha Kendall kimekuwa makumbusho na ofisi ya njia.

Mpanda baiskeli hula na hulala, hivyo mama wa mgahawa na mwenye nyumba ya wageni hupata wateja. Mkulima hata hivyo asidanganyike: baiskeli haibebi maziwa wala mahindi, na theluji ikianguka wageni hao hupungua.

Somo liko kwenye ardhi. Ukanda ule ungekatwa viwanja, leo kusingekuwa na cha kuuza.