Banda la Bustani: Tuwajengee Watoto au Tujenge Nao?



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, tangu kalenda ya shule za Rwanda ilipobadilishwa mwaka 2021, likizo kubwa huangukia kiangazi, miezi ya Julai na Agosti. Mvua zimekatika, udongo umekauka, na watoto wako nyumbani. Swali ni lile lile kila mwaka: watafanya nini? Wengi wetu tunawapa simu au tunawawashia televisheni, kisha jioni tunalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kazi. Watazijua wapi, ikiwa kila kitu ndani ya nyumba kimenunuliwa au kimetengenezwa na mtu baki?

Pendekezo la makala hii ni dogo. Likizo hii jengeni banda la bustani nyuma ya nyumba, la kuwekea majembe, mbolea na vidumu vya maji, na mlijenge wenyewe: baba, mama na watoto, wa kiume na wa kike.

Najua jibu litakalotoka haraka: "Muhima hakuna nyuma ya nyumba." Ni kweli kwamba mtaa wetu umeegemea kilima kinachoteremka kuelekea Nyabugogo, na nyua ni nyembamba. Lakini familia nyingi zimeitikia wito wa kuwa na akarima k'igikoni, ile bustani ya mboga ya mduara inayopandishwa kwa ngazi za mawe, yenye dodo, karoti na vitunguu. Palipopatikana nafasi ya bustani hiyo, mara nyingi patapatikana nafasi ya kibanda cha mita 2 kwa mita 1.5. Hivi sasa jembe linalala ukumbini, gunia la mbolea liko mlangoni, na mtoto mdogo anachezea panga.

Ujenzi ni malezi

Tukisoma Suratul Baqara, aya ya 127, tunamkuta Nabii Ibrahim ('alayhis salaam) akiinua misingi ya Al-Kaaba pamoja na mwanawe Ismail. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari tunaelezwa kwamba baba alimuuliza kwanza mwanawe kama atamsaidia, mwana akakubali, kisha akawa analeta mawe na baba anajenga. Tuitafakari adabu hiyo. Baba alikuwa na amri ya Mola wake, na bado alimshirikisha mwanawe kwa kumuuliza. Sisi tunawaamrisha watoto wafagie ua, na kazi ya heshima tunampa fundi.

Mtume wetu (S.A.W.) alipofika Madina alibeba matofali pamoja na Maswahaba wake wakati wa kujenga msikiti. 'Ammar bin Yasir alikuwa akibeba mawili mawili huku wenzake wakibeba moja moja. Akaja mtu kutoka Yamama aliyekuwa hodari wa kukanda udongo, na Mtume (S.A.W.) akaagiza aachiwe udongo kwa kuwa ndiye aliyeuweza zaidi. Hapa pana somo kwa kila mzazi: mtazame mtoto wako anaweza nini, kisha mpe hicho. Mwenye hesabu apime, mwenye nguvu abebe, mwenye mkono mwepesi apake rangi. Mdogo kabisa ashike kopo la misumari, na asidharauliwe.

Kabla ya kuchimba: idhini na jirani

Mjini Kigali hatujengi kwa kujikatia wenyewe. Hata kama ni kibanda, nendeni kwanza kwa viongozi wa mudugudu, na mkielekezwa kwenye murenge mwende. Mchukue mtoto mkubwa afuatane nanyi. Atajifunza kwamba raia mwema huuliza kabla ya kujenga, wala hangoji kubomolewa ndipo alalamike. Aliye mpangaji amuombe ruhusa mwenye nyumba.

Baada ya serikali ni jirani. Mahali kwetu palivyo, msingi wa nyumba yako uko usawa wa paa la mwenzako wa chini. Maji yakitiririka kutoka kwenye bati lako yanaangukia ukuta wake, na jiwe likiporomoka linaingia chumbani kwake. Mtume (S.A.W.) ametuonya vikali juu ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Basi msikate ukingo wa kilima ili kupata sehemu tambarare, na msijaze kifusi upande wa bondeni. Mkiona ardhi imepasuka au ukuta wa mawe umeinama, acheni, tafuteni mahali pengine. Tena msiweke dirisha linalotazama ua wa jirani, kwani sitara ya watu ni amana.

Kazi yenyewe

Msingi uwe wa mawe, na nguzo za mkaratusi zisimame juu ya mawe, zisizikwe udongoni, ili mchwa na unyevu visizile. Pembe za banda zipimwe kwa kamba. Hapa wanafunzi wataona kwamba hesabu ya darasani ina kazi: upande mmoja mita 2, wa pili mita 1.5, na kamba ya kona kwa kona ikisoma mita 2.5, basi pembe yenu ni mraba. Isiposoma hivyo, sogezeni nguzo. Mwacheni mtoto agundue mwenyewe kosa la pembe, maana atakalolirekebisha kwa mkono wake hatalisahau.

Paa liwe la bati, lenye mwinamo, na lipite kuta kidogo kila upande. Nyasi tusizirudie. Rwanda ilifanya kampeni kubwa ya kuondoa nyumba za nyasi, nyakatsi, hadi mwaka 2011, na katika msongamano wetu cheche moja inatosha kuleta msiba. Vilevile msiokote vipande vya paa za zamani za asbesto hata mkipewa bure. Vikikatwa au kutobolewa hutoa nyuzi ndogo sana zinazoingia mapafuni na kuleta maradhi mabaya baada ya miaka mingi. Serikali imekuwa ikiziondoa kwenye majengo, sisi tusiwaletee watoto wetu uani.

Tundikeni mfereji wa bati chini ya paa, na kidumu chini yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 2.5 kwa mita 2 lina mita 5 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inaweza kuwapa karibu lita 100, yaani vidumu vitano vya lita 20. Maji hayo yatanywesha mboga, na hayatamwangukia jirani. Vidumu visibaki wazi, mbu wasije wakazaliana humo.

Mlango uwe na kufuli. Panga, sumu za wadudu na mafuta ya taa vikae juu, mbali na mkono wa mtoto. Na jiko la mkaa lenye moto lisiingizwe humo kamwe.

Mapambo

Wengi watashangaa: kibanda cha majembe kipambwe cha nini? Kipambwe kwa sababu mtoto hukitunza anachokipenda. Na sisi Rwanda tuna hazina yetu, imigongo, sanaa ya mashariki ya nchi, upande wa Gisaka, ambako kina mama hufinyanga mistari iliyoinuka ukutani, ya pembe pembe na ya mizunguko, kisha huipaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ni sanaa ya maumbo yasiyo na picha ya mtu wala mnyama, na kwa hiyo inakaa vizuri katika nyumba ya Muislamu bila maswali.

Swali moja linabaki. Imigongo ya asili hutengenezwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, samadi ni najisi. Wanachuoni wa Maliki na Hanbali wao wanaona samadi ya mnyama anayeliwa ni tohara. Muulizeni sheikh wenu. Anayetaka kutoka katika khitilafu atumie udongo wa mfinyanzi, mchanga laini na gundi ya mbao, na mistari itasimama vizuri.

Ubunifu mwingine ni nyota ya pembe nane. Chora mraba, kisha chora mwingine wa ukubwa ule ule juu yake ukiwa umegeuzwa nusu ya pembe mraba. Msumari, kamba na penseli vinatosha. Ama kuandika Bismillah au aya ukutani, kwa maoni yangu tusifanye hivyo katika banda hili. Ni mahali pa matope na mbolea, na jina la Mwenyezi Mungu tulitukuze kwa kuliweka panapostahili. Bismillah tuisome kwa ulimi tunapoanza kazi kila asubuhi.

Wanaopinga

Wapo wanaosema tunawanyima mafundi riziki. La, mwiteni fundi siku moja na mumlipe ujira wake kamili, lakini aje kama mwalimu. Awaonyeshe watoto kushika msumeno na kusoma pima maji, na wao waone kwamba fundi ni mtu wa elimu.

Wapo wanaosema binti hapandi ngazi wala hashiki nyundo. Ngazi ikishikwa vizuri na nguo ikiwa ya stara, kuna ubaya gani? Bi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake. Kama mbora wa viumbe hakugawa kazi za nyumbani kwa kiburi, sisi ni nani?

Pingamizi zito zaidi ni hili: "Mji unabadilika, kesho tutahamishwa, tunajenga ili iweje?" Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2008 wakazi wa Kiyovu cy'Abakene waliondolewa, na wengi wakahamia Batsinda. Mwaka 2022 familia za mwisho za Kangondo na Kibiraro ziliondoka kuelekea Busanza. Sisi wa Muhima, tulio jirani na katikati ya jiji, hatuwezi kujidai hatuoni. Basi fungeni mbao kwa skurubu na bolti badala ya misumari, ili siku ya safari banda lifunguliwe na lipakiwe garini. Na hata likibaki nyuma, mtoto aliyelijenga anahama na elimu yake. Atajenga jingine.

Ni Hadithi mashuhuri kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Mpanzi anahitaji jembe, na jembe linahitaji pa kulala. Anzeni Jumamosi ijayo. Ikiwa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, malizeni kwanza umuganda na majirani, kisha mrudi nyumbani, mchukue kamba, na mumwite mtoto mdogo kuliko wote aje ashike ncha moja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie nyumba zetu, vizazi vyetu na kazi za mikono yetu. Aamin.

Wabillaahi tawfiiq.