Apu bila msimbo: duka ni lako au umepanga?

Jioni pale steji ya Nyamasaria, Kisumu, abiria wakishuka matatu wanapokelewa na nguo za mitumba na samaki. Wauzaji vijana hutangaza pia kwa stetasi ya WhatsApp. Shida ni kwamba stetasi hufutika baada ya saa 24, kesho unaanza upya.

Apu ya wavuti inatatua hilo. Mteja anafungua kiungo, anaiweka kwenye skrini ya simu, basi. Hupitii Play Store, wala hulipi ile dola 25 ambayo Google hutoza anayejisajili kuweka apu humo. Haijazi simu, na ikiundwa vizuri bidhaa huonekana hata bando likiisha. Jumia ilipita njia hii ili kuwafikia wenye simu za bei nafuu.

Na si lazima ujue kuandika msimbo. Kwa jukwaa kama Glide, unajaza bidhaa na bei kwenye jedwali la Google Sheets, nalo linakuwa apu.

Lakini tusidanganyane: hapo umepanga, kama kibanda tu. Majukwaa mengi huanza bure, kisha hudai dola kila mwezi. Shilingi ikishuka, kodi inapanda. Ukikosa kulipa, duka linafungwa.

Kwa hivyo kabla hujajisajili, uliza: nikihama, nitaondoka na orodha ya wateja wangu? Kama jibu ni la, tafuta jukwaa lingine.