Tupunguze "Nipe Hicho": Maneno ya Mwanao Yanaanzia Kwako



Leo hatuzungumzii shela wala hina. Tunawazungumzia watoto wanaokaa chini ya meza zetu za kukatia vitambaa wakirudi shule. Huku Ujiji mafundi cherehani wengi tunawalea hivyo: huyu anaokota vifungo, yule anaandika kazi ya shule juu ya boksi la nyuzi. Na siku nzima tunawaambia, "Nipe hicho. Weka pale. Lete lile dude." Mtoto anaelewa, analeta, basi.

Mwaka jana mmoja wa watoto wetu, wa darasa la pili, aliumwa tumbo. Tukampeleka kwa daktari, akaulizwa: linakata, linachoma au limejaa? Unasikia kichefuchefu? Mtoto akajibu, "Linauma tu." Aliulizwa mara tatu, jibu likawa lile lile. Alhamdulillah alipona, lakini tulirudi nyumbani na aibu. Mtoto si mjinga. Maneno yale hakuwahi kuyasikia kwetu.

Maoni yetu ni haya: msamiati wa mtoto wa shule ya msingi tusimwachie mwalimu peke yake. Mwalimu ana darasa zima. Sisi tuna huyu mmoja, na vitu vyenyewe tunavyo mkononi. Katika Suratul Baqara, aya ya 31, tunaelezwa kuwa Mwenyezi Mungu alimfundisha Nabii Adam majina ya vitu vyote. Vipi sisi tuyaone majina kuwa jambo dogo?

Kwa hiyo tumebadilika. Sasa tunasema, "Nipe mkasi. Shika pindo. Bitana iko wapi?" Kisha tunalifungua neno. Kutoka shona tunapata mshono, mshonaji, ushonaji, shonea, shoneka. Neno moja limezaa matano. Jirani yetu anayeanika dagaa mwaloni hufanya hivyo hivyo na vua: mvuvi, uvuvi, vulia. Hahitaji kitabu cha kununua, anatumia kazi yake.

Tunachukua maneno matatu tu kwa siku. Usiku kabla ya kulala mtoto anatunga sentensi yake mwenyewe kwa kila neno. Akikosea tunamrekebisha taratibu, hatumcheki. Mtoto akichekwa leo, kesho hajaribu.

Kuna kina mama wanaokataza Kiha nyumbani, wengine hata Kiswahili, ili mtoto awahi Kiingereza. Hofu yao tunaielewa, maana sekondari masomo mengi ni kwa Kiingereza. Lakini hapo hatukubaliani nao. Mji wetu huu ulijengwa na Waha, na Wamanyema waliovuka ziwa kutoka Kongo, na wafanyabiashara wa pwani na Unguja, kila mmoja na lugha yake. Mtoto aliyejifunza kwa bibi yake kuwa amazi ni maji hapati tabu kuongeza jina la tatu la Kiingereza. Asiyekijua kitu kwa lugha yoyote atakariri tu, na mtihani ukiisha atasahau.

Na kuna jambo zito zaidi. Mfundishe mwanao, wa kike na wa kiume, majina ya viungo vyake vyote kwa adabu. Mtu akimgusa pasipofaa, aweze kukwambia ni nani, wapi na lini. Tukimfundisha kuona haya hata kutaja mwili wake, siku hiyo atanyamaza, na mwovu ndiye atakayefurahi.

Bibi harusi, unapopanga sanduku lako, weka na kamusi ya Kiswahili kati ya kanga. Ukijaaliwa mtoto, mtajie vitu kwa majina yake tangu yuko mgongoni. Usisubiri aanze shule.

Juzi yule mtoto wetu wa tumbo alikuja mezani akasema, "Mama, kichwa kinanigonga upande wa kulia tangu saa nne." Tulisimamisha cherehani, tukampa maji, tukamlaza. Safari hii tulijua pa kuanzia.

Wabillahi tawfiq.