Kivu: Kabla ya kutaja karuho, mgonjwa apimwe sukari

Mjini Bukavu na katika vijiji vya Kabare na Walungu, mtu akianza kukonda ghafla, kunywa maji usiku kucha na kuishiwa nguvu, mara nyingi jina la kwanza linalotajwa nyumbani ni karuho, ile sumu inayosemwa kuua polepole. Jamaa wanakaa, wanakumbushana ni nani alimpa pombe, ni jirani gani waligombana naye shambani. Halafu mgonjwa anapelekwa kwa mtu wa kutoa sumu, ananyweshwa dawa, anatapika.

Dalili hizo hizo ni za ugonjwa wa sukari. Mwenye sukari iliyopanda sana tayari anapoteza maji mengi kwa mkojo; kumtapisha ni kumkausha zaidi. Kijana ambaye mwili wake umeacha kutengeneza insulini anaweza kufa kwa siku chache tu, na kwenye matanga watu wataendelea kusema alilishwa. Kifo chenyewe kinageuka ushahidi, na jirani anabaki na jina la mlozi.

Wanaocheka imani hiyo wanakosea. Mgonjwa anataka kujua kwa nini yeye na si mwingine, na pale kituo cha afya jibu analopewa ni kwamba amekula sukari nyingi. Mkulima anayekula fufu na sombe, nyama mara moja moja, aamini vipi? Jibu hilo nalo ni imani tu. Unene na urithi wa ukoo huongeza hatari, lakini wako wagonjwa wengi wembamba na maskini. Mwezi wa Aprili 2025, huko Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Diyabeti lilitambua rasmi aina ya 5 ya ugonjwa huu, inayohusishwa na utapiamlo wa tangu utotoni. Kwa Kivu, ambako vita vimewalaza watoto wengi njaa, habari hiyo ilistahili kusomwa redioni kila siku.

Kupima ni tone la damu kidoleni na sekunde chache. Miligramu 126 kwa desilita kabla ya kula, au 200 saa yoyote kwa mwenye dalili, hapo ugonjwa upo. (Kile kipimo kingine cha miezi mitatu kinataka uangalifu: kwa wenye damu ya AS, ambao ni wengi Congo, kinaweza kuonyesha sukari ndogo kuliko ilivyo.)

Shida ni kwamba kipimo cha haraka cha malaria kimefika hadi vijijini kwa sababu wafadhili wanakilipia, lakini kile cha sukari mgonjwa anakinunua mwenyewe, kama kipo. Wizara ya Afya ingeweza kuanza na jambo dogo: kila anayefika amekonda na ana kiu apimwe bila malipo, siku hiyo hiyo. Wachungaji wa vyumba vya maombi nao wawatume wagonjwa wao kupimwa kabla ya kuwafungisha siku tatu bila chakula wala maji.